Ndia ni moya: kisa cha pasi tatu katika jengo jipya la Jeddah

Kisa chenyewe ni kifupi. Watu watatu wa nyumba moja walitoka Lamu kwenda Umra, wakashuka Jeddah salama, na kabla ya kufika kwenye madawati ya uhamiaji wakapotezana. Mmoja alikuwa na pasi zote tatu za kusafiria kiunoni, wawili hawakuwa na hata karatasi ya kujitambulisha. Muda ulipita, yeye ameketishwa kitini pembeni huko mbele, nao wamesimama nyuma wakingoja arudi. Hakuibwa mtu, hakuumia mtu, na usiku ule ule waliingia Makka. Ndiyo maana hapa mtaani kisa kimegeuka kuwa kichekesho cha barazani.

Mimi hushika darasa la wanaojiandaa kwenda Umra, na nilikaa na kila mmoja wao kwa wakati wake, maana wakiwa pamoja hawaachiani neno. Baada ya kuwasikiliza naona kisa hiki si cha kucheka tu. Kila walilolifanya lilikuwa na sababu nzuri. Tatizo ni kwamba sababu hizo zote zilikuwa za jengo jingine.

Kiongozi wa safari alikuwa Ami. Namwita hivyo kwa kuwa mtaa mzima twamwita hivyo. Ami wa damu ni wa yule binti, mwanafunzi wa chuo, aliyekuwa wa tatu katika msafara. Wa pili ni dada yake Ami, shangazi wa binti, mama mtu mzima mwenye magoti yasiyopenda ngazi. Ami alihiji miaka ya tisini, na tangu hapo ndiye anayeulizwa kila jambo la Saudia. Walipokuwa wakipanga safari hakuna aliyehoji nani awe mbele. Yeye mwenyewe alisema, na nyumbani wote wanakumbuka: "Jeddah naiyua."

Na kweli aliijua Jeddah, ile aliyoshukia. Uwanja wa Mfalme Abdulaziz ulifunguliwa mwaka 1981, ukiwa na jengo maalumu la mahujaji ambalo dunia nzima ililisifia. Si jengo la kuta. Ni paa la mahema 210 ya kitambaa cha nyuzi za kioo, yaliyotundikwa kwenye nguzo ndefu nyeupe, pembeni wazi, upepo unapita. Mwaka 1983 lilipewa Tuzo ya Aga Khan ya usanifu wa majengo. Waliohiji zamani hawakumbuki tuzo, wanakumbuka kivuli. Wanakumbuka kukaa chini kwa masaa, mikeka imetandikwa, watu wa Nigeria upande huu na wa Indonesia upande ule, chai inapikwa, mtu wenu anapita kuhesabu vichwa. Ukimpoteza mwenzako unasimama, unaangaza, unamwona. Pasi hukai nazo. Zilikuwa zikikusanywa kwa mkupuo, zikabaki mikononi mwa wahudumu wa mahujaji mpaka siku ya kurudi.

Safari hii hawakushukia huko. Ndege za kawaida za shirika walilopanda hutumia Terminali 1, jengo jipya ambalo Mfalme Salman alilizindua rasmi Septemba 2019, lililojengwa ili lipokee abiria milioni 30 kwa mwaka. Ni uwanja ule ule, jina lile lile, na kwenye tiketi herufi ni zile zile. Kwa hiyo Ami alipotoa maagizo yake Nairobi hakuwa akibahatisha, alikuwa akitoa kumbukumbu yake kama ilivyo. Maagizo yalikuwa matatu. Kwanza, pasi zote azishike yeye. Pili, yeye atangulie, wao wafuate. Tatu, wakipotezana wasihangaike, wakutane chini ya mahema.

Nawaomba wanaocheka wasimame kidogo kwenye maagizo haya, kwa sababu kwa mtu wa Lamu yana mantiki. Fikirini namna tunavyosafiri sisi. Ukishuka Manda, kisiwa chenye uwanja wetu wa ndege, unateremka ngazi ya ndege, unatembea kwa miguu juu ya lami hadi kwenye jengo, mzigo unaletwa kwa mkokoteni, kisha njia moja tu inashuka hadi kwenye gati. Hakuna pa kupotelea. Aliyetangulia humkuta amesimama gatini, na boti haing'oi mpaka mliokuja pamoja mtimie, nahodha mwenyewe atauliza, "Yule mama yuko wapi?" Hata ndani ya mji, vichochoro ni vyembamba na kibao cha kuelekeza hakuna, lakini mtoto yeyote wa mtaani atakupeleka unakokwenda. Hatusomi njia, twaiuliza. Katika hali hiyo kiongozi kutangulia ni heshima, na pia ni usalama, kwa sababu yeye ndiye anayeuliza.

Basi ndege ikatua. Ami alikuwa katika ihramu tangu Nairobi, shuka mbili nyeupe, moja kiunoni na moja begani. Wanaokwenda kwa ndege kutoka kwetu hupita mikati, yaani mpaka wa kuhirimia, wakiwa angani, kwa hiyo wenye tahadhari huvaa mapema. Ihramu haina mfuko. Alichokuwa nacho ni ule mkanda mpana wenye zipu, na ndani yake pasi tatu, fedha na simu. Simu aliizima Nairobi mhudumu wa ndege alipotangaza, na hakuiwasha tena. Kofia yake ya vito, ile ambayo ukiiona uwanjani Mkunguni, Lamu, unajua ni yeye hata akikupa mgongo, ilikuwa imo ndani ya begi la dada yake, kwa sababu mwanamume aliyehirimia hafuniki kichwa.

Wote watatu wanakubaliana kuhusu dakika za mwanzo. Walitoka ndegeni kupitia daraja lililofungwa pande zote, hawakuona jua wala hawakukanyaga ardhi. Baridi. Sakafu inang'aa hata shangazi akawa anatembea kama anayekanyaga maji. Ami aliniambia kitu ambacho sikukitarajia kutoka kwake: kilichomsumbua si ukubwa, ni kwamba hapakuwa na mtu asiyekuwa na kazi. Kwenye mahema ya zamani kila mahali palikuwa na mtu amekaa tu, na mtu aliyekaa tu ndiye unayemuuliza. Hapa wote walikuwa wanakwenda. Binti yeye alifurahi. Vibao viliandikwa Kiarabu na Kiingereza, mishale ipo, picha za mizigo na za pasi zipo, na moyoni alijiambia kwamba huku hata mtu hapotei.

Ukumbi wa ndege za nje uko mbali na malango, na abiria hupelekwa kwa treni ndogo isiyo na dereva. Inakuja, milango inafunguka, milango inafungwa, inaondoka. Ami aliingia wa kwanza, kama ilivyopangwa. Shangazi alifika mlangoni akasita. Kuna mwanya mwembamba kati ya sakafu ya kituo na sakafu ya treni, mwembamba hata kidole hakipiti vizuri, lakini yeye maisha yake yote amezoea kwamba anapotoka kwenye gati kuingia chomboni kuna mkono unaomshika na chombo kinamngoja. Akainyanyua buibui kidogo, akainama kutazama chini. Binti alikuwa nyuma yake na mkoba. Milango ikafungwa. Wakamwona Ami nyuma ya kioo akiwaonyesha kidole mbele, kwa utulivu kabisa. Kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa akiwaambia: "Ndia ni moya, ndooni," yaani njia ni moja, njooni.

Wao walielewa: ngojeni hapo.

Treni nyingine ilikuja baada ya muda mfupi. Hawakupanda. Ikaja nyingine. Shangazi alishikilia kwamba kaka yake atarudi na hiyo ifuatayo, kwa sababu hawezi kuwaacha, na kwa sababu pasi anazo yeye. Binti alijua kwa kutazama kwamba abiria wanaokwenda na treni hiyo hawarudi upande huu, lakini alikuwa mdogo kuliko wote na hakuona ni adabu kumkatalia shangazi yake mbele za watu. Hapa ndipo dakika nyingi zilipotea, na sidhani ni haki kulilaumu jengo. Binti alipiga simu ya Ami mara nyingi. Imezimwa.

Upande wa pili Ami alishuka, akaufuata umati, akajikuta kwenye foleni. Hakusimama kuwangoja. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu kwamba kule mbele ndiko wanakokutana wote, sasa asimame katikati kwa nini? Katika akili yake baada ya foleni hii yangekuja mahema. Alipofika dawatini alitoa mkanda, akafungua zipu, akaziweka pasi tatu kwa pamoja juu ya meza. Afisa akatazama ya kwanza, akamtazama yeye. Akatazama ya pili, ya mwanamke. Ya tatu, ya mwanamke. Akauliza wako wapi. Kila mtu sasa hupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole yeye mwenyewe. Mtu hapitishi kidole cha mwenziwe. Kiarabu cha Ami ni cha vitabu, anasoma na kufasiri vizuri kuliko wengi wetu, lakini afisa alizungumza kwa haraka, kwa lafudhi ya Hijazi, na nyuma foleni ilikuwa ndefu. Ami akajibu kwa neno alilokuwa na uhakika nalo: mahema. Afisa hakuelewa, na ilikuwa bora. Kwa sababu mahema yapo bado. Ule ukumbi wa mahujaji ungali unatumika, ila ni jengo jingine kabisa ndani ya uwanja ule ule mkubwa. Angeeleweka angeweza kuelekezwa huko, na hapo kisa kingekuwa kirefu.

Akaambiwa akae kitini. Akakaa, pasi zimebaki mezani.

Binti na shangazi walipanda hatimaye baada ya mfanyakazi mmoja wa kike kuwaendea na kuwauliza. Binti alimweleza kwa Kiingereza, yule akampandisha shangazi kwa kumshika mkono, na hilo peke yake lilimaliza nusu ya tatizo. Walipofika ukumbini wakakutana na lingine. Ilikuwa saa ya ndege nyingi. Ukumbi umejaa wanaume wazee, vichwa wazi, shuka nyeupe begani, mikanda ya aina moja. Shangazi alisema alitazama akaona kaka zake mia. Naye Ami kule kitini alikuwa akitazama buibui nyeusi mia. Binti ndiye aliyemtambua, na hakumtambua kwa uso. Alitazama chini, kwenye miguu, akaona makubadhi. Wote wengine walivaa ndara za plastiki zilizouzwa pamoja na ihramu. Ami alikuwa na makubadhi yake ya ngozi, yenye ule ukanda unaopita katikati ya vidole, kisigino kimelika upande wa kulia.

Afisa aliwaita, picha zikapigwa, vidole vikawekwa, wakapita. Hawakukaripiwa. Walikuta mabegi yao yameshatolewa kwenye mkanda wa mizigo na kupangwa chini.

Sasa nije kwenye pasi, kwa sababu ndiyo kiini. Barazani wanasema Ami alipenda ukubwa. Sikubali. Desturi ya mwanamume kushika hati za wanawake aliofuatana nao ilikuwa na mzizi wa sheria. Kwa miaka mingi Saudia ilimtaka mwanamke awe na maharimu, yaani mume au ndugu wa kiume asiyeweza kumwoa, ndipo aje Hija au Umra, na wengi wetu tulizoea kwamba hati za mwanamke na za maharimu wake zinakwenda pamoja, zinaangaliwa pamoja. Oktoba 2022 waziri wa Hija na Umra wa Saudia alitangaza kwamba sharti hilo halipo tena. Viza ni ya mtu mmoja mmoja, kibali cha Umra kinatolewa kwa programu ya simu kwa jina la mtu mmoja mmoja. Sheria imeshabadilika, mkanda wa Ami haujabadilika. Sizungumzii hukumu ya kifiqhi ya mwanamke kusafiri peke yake, hilo lina masheikh wake. Ninachosema ni kwamba jengo jipya limejengwa kwa ajili ya abiria mmoja mmoja, na msafara unaoingia humo na hati zake katika mkanda mmoja utakwama kwenye dawati la kwanza, awe kiongozi ni mjuzi au si mjuzi.

Kuhusu mahema sina la kumlaumu Ami, ila namlaumu kila aliyemsikiliza asiulize. Walikuwa na tiketi mkononi siku nyingi. Wakala wa Mombasa aliyewakatia angeweza kuulizwa kwa simu, "Twashukia jengo gani?", naye angewajibu kwa neno moja. Hakuuliza mtu kwa sababu palikuwa na anayejua. Hilo naliona mara kwa mara darasani. Aliyekwenda zamani ana hadhi, na hadhi hiyo huwanyamazisha vijana wenye simu za kutafutia kila kitu. Binti aliniambia alikuwa ameshatazama video za jengo hilo kabla hawajaondoka. Alijua kuna treni. Hakusema, kwa sababu hakuulizwa.

Jambo la magoti ya shangazi wamelipita wote haraka, nami naona halikustahili kupitwa. Jengo lile ni la kutembea. Kiti cha magurudumu huombwa wakati wa kukata tiketi, na anayekipata husukumwa na mhudumu anayeijua njia, akapitishwa kwenye lifti. Shangazi hakutaka kuonekana mgonjwa. Ngazi za umeme alizikataa zote. Lau angekaa kwenye kiti, msafara wote ungekwenda kwa mwendo wa mhudumu na mlango wa treni usingewatenga. Sasa nikiwa na mtu mzima katika kundi namwambia hivi: kiti si cha ugonjwa, kiti ni cha kumpata mtu wa kuuliza. Wengi hukubali hapo.

Siku ya kurudi palitokea jambo linaloonyesha kwamba hata Ami hakuwa na kosa kubwa la fikra. Katika sehemu ya kuondokea mna tangi la samaki la mviringo, refu mita 14, maji yake yafika lita milioni moja. Wapo tasi, wapo papa wadogo, na shangazi anaapa aliona changu. Ami alisimama mbele yake, akageuka, akasema, "Hapa. Akipotea mtu, hapa." Na walitawanyika: mmoja kutafuta maji, mmoja msala wa wanawake, mmoja kununua tende. Wote watatu walirudi penye samaki bila kupiga simu. Binti alikiri kwamba lile lilikuwa rahisi kuliko kukumbuka namba ya lango. Kumbe kukutana kwenye alama ni njia nzuri mpaka leo, mradi alama yenyewe iwe imo ndani ya jengo mliloingia na mmeiona kwa macho yenu.

Darasani nimebadilisha mambo kadhaa. Kila mtu ana kipochi chake cha shingoni na pasi yake, mwanamume na mwanamke. Karatasi yenye namba ya simu ya wakala na ya nyumbani imo humo humo. Simu zinawashwa mara tu ndege inaposimama, hata kama laini haijashika. Na kiongozi hatangulii, anapanda wa mwisho. Hili la mwisho ndilo lenye ubishi. Ami hakubali hata kidogo. Asema kiongozi aliye nyuma ni mchunga mbuzi. Wazee wawili watatu wamemuunga mkono. Nimewaambia wajaribu kwenye boti ya Manda kwanza, wahesabu wenzao wakiwa nyuma, waone kama heshima imepungua.

Ami bado yuko darasani, na nimemwomba aendelee. Kufunga ihramu isiporomoke hakuna anayemfikia. Ila habari za jengo anaeleza binti, kwa picha za simu yake, na Ami hukaa mbele akimkatiza. Juzi mama mmoja aliuliza: je, ikiwa ndege yetu itapelekwa kule kwa zamani, kwenye mahema? Swali zuri, kwa sababu msimu wa Hija ndege nyingi za mahujaji hupelekwa huko. Binti alinyamaza akanitazama. Ami akavuta kiti chake mbele, akaanza kueleza nguzo ziko wapi, na vyoo viko upande gani, na kama unataka kivuli cha alasiri ukae wapi. Nilimwacha amalize, kisha nikawaambia wote wampigie wakala kabla ya Ijumaa.